Barua kwa aliye gerezani: Jinsi ya kumfariji mfungwa bila kujianika

Na MWANDISHI WETU

WARAKA, walinena wahenga, ni nusu ya kuonana. Kwa mtu aliye huru, msemo huo umepungua uzito tangu simu ya mkononi ilipoingia hadi vijijini. Lakini kwa aliye nyuma ya kuta za gereza, ambaye haruhusiwi kumiliki simu, karatasi moja iliyokunjwa ndani ya bahasha ingali na thamani ile ile iliyokuwa nayo enzi za mababu.

Kenya ina magereza zaidi ya 100 yaliyotapakaa kutoka Shimo la Tewa huko Pwani hadi Kodiaga mjini Kisumu. Mtu anaweza kuhukumiwa Mombasa, akahamishiwa Naivasha, ilhali mamake mzazi yuko Busia. Nauli ya kwenda kumwona na kurudi ni mzigo ambao familia nyingi haziwezi kuubeba kila mwezi. Ndipo barua inapokuwa daraja.

Hata hivyo, barua ya gerezani si kama barua nyingine. Husomwa na watu ambao mwandikaji hakuwakusudia, hupitia mikono mingi, na mwishowe hukaa mahali ambapo mwenyewe hana tena uwezo juu yake. Neno likishaandikwa na kutiwa posta limekwenda. Maji yakimwagika hayazoleki.

Wanaoandika barua hizo wamegawika katika makundi mawili. Kundi la kwanza ni la jamaa: mke, mzazi, ndugu au rafiki wa tangu utotoni. Kundi la pili ni la wasamaria wema ambao humwandikia mtu wasiyemjua kabisa, mara nyingi kupitia kanisa, msikiti au shirika la kuwahudumia wafungwa.

Mahitaji ya makundi hayo hayafanani. Jamaa hana haja ya kumficha mfungwa mahali anapoishi, kwani huenda ndiko kwao wote wawili. Siri anayopaswa kuilinda ni ya kesi na ya nyumba yake, isije ikaangukia masikio ya wengine. Msamaria mwema naye hana siri ya kesi. Anachopaswa kulinda ni jina, makazi, kazi na nambari yake ya simu.

MACHO YA TATU

Jambo la kwanza ambalo kila mwandikaji anafaa kulitia akilini ni kwamba barua ya mfungwa si siri ya watu wawili. Inapowasili gerezani, hufunguliwa na kukaguliwa na afisa aliyepewa kazi hiyo na mkuu wa gereza.

Afisa huyo hutazama mambo mawili. Kwanza ni kilichomo ndani ya bahasha: pesa, kadi ya simu, dawa za kulevya au kitu kingine chochote kilichopigwa marufuku. Pili ni maneno yenyewe: mipango ya kutoroka, vitisho dhidi ya mashahidi, au lugha ya mafumbo inayotia shaka. Barua anayoandika mfungwa nayo hupitia mkondo huo huo kabla ya kutoka.

Ukaguzi huu si wa Kenya pekee. Kanuni za Umoja wa Mataifa kuhusu namna ya kuwatunza wafungwa, zilizofanyiwa marekebisho na kupitishwa na Baraza Kuu mnamo Desemba 2015, zinatambua jambo hilo. Kanuni ya 58 inasema wafungwa waruhusiwe kuwasiliana na familia na marafiki mara kwa mara, kwa maandishi na kwa njia za kisasa pale zinapopatikana, lakini chini ya uangalizi unaohitajika.

Kanuni hizo huitwa Kanuni za Nelson Mandela, na si bure. Mandela alipofikishwa katika kisiwa cha Robben nchini Afrika Kusini mwaka wa 1964, aliwekwa katika daraja la chini kabisa la wafungwa. Aliruhusiwa kuandika na kupokea barua moja tu kila baada ya miezi sita, nayo isizidi maneno 500. Wakaguzi walifuta mistari kwa wino, na nyakati nyingine wakaikata kwa wembe hadi karatasi ikabaki matundu.

Kwa kutojua ni barua ipi ingefika na ipi ingezuiwa, Mandela alizoea kunakili barua zake katika madaftari kabla ya kuzikabidhi. Zoea hilo lingali funzo hadi leo. Mwandikaji mwenye busara huhifadhi nakala ya kila anachotuma, ili pakizuka swali kuhusu alichosema au alichoahidi, awe na ushahidi mkononi.

Hapa nchini, Katiba ya mwaka wa 2010 inatoa pande mbili za jambo hili. Kifungu cha 31 kinampa kila mtu haki ya faragha, ikiwemo faragha ya mawasiliano yake. Kifungu cha 51 nacho kinasema kwamba mtu aliyefungwa au kuzuiliwa hubaki na haki zake zote, isipokuwa pale ambapo haki hiyo haiwezi kabisa kupatana na hali ya kuwa kizuizini.

Maana yake ni kwamba gereza linaweza kusoma barua kwa sababu za usalama, lakini afisa hana ruhusa ya kuifanya gumzo la kantini. Kusoma kwa ajili ya usalama ni jambo moja. Kutangaza yaliyosomwa ni jambo jingine kabisa.

BARUA YA WAKILI

Kuna aina moja ya mawasiliano iliyotengwa na mengine yote: mawasiliano kati ya mfungwa na wakili wake. Kanuni ya 61 ya Kanuni za Mandela inataka mfungwa apewe nafasi ya kuzungumza na wakili kuhusu jambo lolote la kisheria kwa faragha kamili, bila kucheleweshwa, kunaswa wala kukaguliwa. Askari anaweza kuwaona wakizungumza, lakini asiwasikie.

Haki hiyo ilipiganiwa. Nchini Uingereza, mfungwa Sidney Golder alinyimwa ruhusa ya kuwasiliana na wakili aliyetaka amsaidie kumshtaki afisa mmoja wa gereza. Kesi yake ilifika katika Mahakama ya Haki za Kibinadamu ya Ulaya, ambayo mnamo Februari 1975 iliamua kwamba haki zake zilikiukwa. Uamuzi huo umekuwa msingi wa mabishano mengi ya kisheria kuhusu barua za wafungwa.

Kwa hivyo, jambo lolote linalogusa kesi lina mahali pake, nako ni kwa wakili. Jamaa anayetaka kumweleza mfungwa kuhusu shahidi aliyepatikana, stakabadhi iliyopotea au mazungumzo na upande wa pili, afanye hivyo kupitia wakili, asiyaweke katika barua ya kawaida.

Tahadhari hii ni muhimu zaidi kwa walio rumande, ambao kesi zao bado hazijaamuliwa. Kifungu cha 50 cha Katiba kinamhesabu mshtakiwa kuwa hana hatia hadi itakapothibitishwa vinginevyo, na kinampa haki ya kutolazimishwa kutoa ushahidi wa kujitia hatiani. Lakini haki hiyo haimsaidii mtu aliyeandika kwa hiari yake.

Chukulia mfano wa mke ambaye, kwa uchungu, anamwandikia mumewe aliye rumande: "Kwa nini ulikubali kwenda nao siku ile?" Sentensi hiyo ni ya simanzi tu. Lakini mbele ya kiongozi wa mashtaka, inaweza kugeuzwa kuwa dalili kwamba mshtakiwa alikuwapo. Heri simanzi hiyo isubiri siku ya kuonana, na hata siku hiyo, maneno yachungwe.

Wapo pia wanaodhani kwamba suluhisho ni kupenyeza barua kwa siri kupitia askari au mfungwa anayeachiliwa. Historia ya Kenya ina visa vya aina hiyo. Mshairi Abdilatif Abdalla, aliyefungwa kati ya mwaka wa 1969 na 1972 kwa sababu za kisiasa, aliandika mashairi yake kwenye karatasi za chooni, na maandishi hayo yakatolewa gerezani kisiri hadi yakachapishwa mwaka wa 1973 kwa jina Sauti ya Dhiki. Ngugi wa Thiong'o naye alitumia karatasi kama hizo kuandika riwaya akiwa kizuizini Kamiti mwaka wa 1978.

Wale walikuwa wafungwa wa kisiasa walionyimwa njia nyingine. Mwananchi wa leo anayetaka kumjulia hali ndugu yake hana haja ya hatari hiyo. Anayebeba barua ya magendo huwa amebeba pia siri ya mwenye barua, na anaweza kurudi kesho kudai malipo ya kunyamaza. Fauka ya hayo, barua hiyo ikinaswa, mfungwa anaweza kuadhibiwa, na huenda akapoteza nafasi ya kutembelewa au ya kupunguziwa kifungo.

ANWANI HUSEMA MENGI

Katika nchi nyingi za ng'ambo, barua hupelekwa hadi mlangoni, na anwani hutaja nambari ya nyumba na jina la barabara. Kenya imebahatika kuwa na mfumo tofauti. Barua nyingi hufikia sanduku la posta, nalo halionyeshi mtu anapolala. Hiyo ni kinga ambayo wengi wanayo bila kujua.

Lakini kinga hiyo ina nyufa. Wakenya wengi hawana sanduku lao wenyewe. Hutumia la shule wanakofunza, la kampuni, la zahanati au la chama cha ushirika. Mwalimu anayeandika kwa kutumia sanduku la shule amemwonyesha mtu asiyemjua mahali anapopatikana kila siku ya kazi, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni.

Vilevile, nambari ya tarakimu tano inayofuata sanduku hutaja ofisi ya posta. Nambari 00100 ni ya Posta Kuu ya Nairobi, ambayo hutumiwa na umati wa watu, na kwa hivyo haifichui mengi. Nambari ya posta ndogo ya sokoni ni tofauti. Mahali ambapo kila mtu anamjua mwenzake, jina moja na nambari hiyo hutosha kumfikisha mgeni hadi langoni. Hata pasipo anwani, muhuri unaopigwa juu ya stempu hutaja jina la posta na tarehe.

Aidha, kuna huduma ya MPost, iliyoanzishwa mwaka wa 2016, ambapo nambari ya simu ya mkononi hugeuzwa kuwa anwani ya posta. Huduma hiyo ina manufaa kwa asiye na sanduku. Kwa anayemwandikia mfungwa asiyemjua, hata hivyo, ni sawa na kumpa nambari ya simu moja kwa moja.

Njia iliyo salama zaidi kwa msamaria mwema ni kutumia anwani ya taasisi ambayo tayari inahudumu gerezani: parokia, msikiti, au shirika linaloratibu barua za wafungwa. Barua ya mfungwa hufika kwa taasisi, na msimamizi akamkabidhi mhusika. Kasisi au imamu anayezuru gereza pia anaweza kuwa kiungo. Mwandikaji aiombe taasisi ruhusa kwanza, na ajue ni nani atakayezishika barua hizo.

Anayependelea kuwa na sanduku lake mwenyewe, basi afadhali alikodi katika posta kubwa iliyo mbali kidogo na anakoishi, hata kama italazimu apande matatu mara moja kwa wiki.

Suala la jina ni gumu zaidi. Magereza hutaka kujua nani anayeandika, na barua isiyo na jina la mtumaji huzua shaka na huenda isimfikie mfungwa. Kujibandika jina la uongo mbele ya wasimamizi wa gereza si hekima. Linalowezekana ni kutumia taasisi ambayo inamjua mwandikaji kwa jina kamili, ilhali ndani ya barua anatia sahihi kwa jina moja tu. Wasimamizi wakiuliza, taasisi hujibu. Mfungwa, kwa upande wake, hupata rafiki bila kupata ramani ya kumfikia.

SIMU NA PESA

Nambari ya simu ndiyo siri ambayo Wakenya hutoa kwa urahisi mno, ingawa ndiyo ifichuayo zaidi. Tangu huduma ya M-Pesa ilipozinduliwa mwaka wa 2007, nambari hiyo imekuwa pochi na kitambulisho kwa pamoja. Aliye nayo anaweza kujifanya anatuma pesa, na kabla ya kukamilisha, jina la mwenye nambari likajitokeza kwenye skrini. Jina likishajulikana, kutafuta picha na jamaa zake katika mitandao ya kijamii ni kazi ya dakika chache.

Si siri kwamba simu huingizwa magerezani kinyume cha sheria, na kwamba Wakenya wengi wametapeliwa na watu wanaopiga wakiwa vifungoni, wakidai pesa zimetumwa kimakosa au jamaa amepata ajali. Si kila mfungwa ni tapeli, na wengi hawajawahi kugusa simu hizo. Lakini barua haiishi mikononi mwa mmoja. Chumba cha gereza hulaza watu wengi, na nambari iliyoandikwa kwenye karatasi inaweza kusomwa na aliyelala mkeka wa pili.

Kwa sababu hiyo, msamaria mwema asiandike nambari yake ya simu ndani ya barua. Jamaa naye, ambaye mfungwa anaijua nambari yake kwa moyo, hana haja ya kuiandika. Katika magereza ambako kuna simu rasmi, wafungwa hupiga chini ya uangalizi. Simu inayolia saa sita za usiku kutoka kwa nambari ngeni, mpigaji akidai yuko gerezani, si ya njia hiyo.

Kuhusu pesa, utaratibu ni mmoja: fedha za mfungwa hupitia ofisi ya gereza, ambapo huandikwa kwa jina lake na mletaji akapewa stakabadhi. Pesa hazitiwi ndani ya bahasha, wala hazitumwi kwa nambari ya simu ya "rafiki wa mfungwa" au ya askari. Anayetuma kwa njia hizo za kando hupoteza mara mbili, kwani pesa zake huenda zisifike, na jina lake husalia katika simu ya mtu asiyemjua.

PICHA YA MTOTO

Hakuna kitu kinachomliwaza mzazi aliye gerezani kuliko picha ya mwanawe. Lakini picha husema zaidi ya inavyokusudiwa. Mtoto akiwa amevaa sare, beji kifuani hutaja jina la shule. Nyuma yake huenda pakaonekana lango la ploti, bango la duka la jirani au nambari ya gari la mzazi.

Familia inayotuma picha ifikirie kwamba huenda ikabandikwa ukutani na kutazamwa na wengi. Ni bora mtoto apigwe picha akiwa amevaa nguo za nyumbani, mbele ya ukuta mtupu au shambani, na jina lake kamili lisiandikwe nyuma ya picha. Baba anamjua mwanawe bila maandishi.

Msamaria mwema hana sababu ya kumtumia mtu asiyemjua picha za watoto wake hata kidogo, wala kutaja shule wanakosoma.

FARAGHA YA MFUNGWA

Mazungumzo kuhusu usiri wa barua mara nyingi huegemea upande wa aliye nje, kana kwamba aliye ndani hana cha kulinda. Sivyo. Mfungwa ndiye aliye dhaifu zaidi katika mawasiliano haya, kwani hawezi kufunga mlango wala kuficha karatasi.

Wapo wafungwa wasiojua kusoma, ambao husomewa barua na wenzao. Habari ya ugonjwa wa mke, ugomvi wa shamba au mtoto aliyeacha shule inaweza kugeuka kuwa mzaha au silaha katika bweni zima. Zipo pia hukumu ambazo wenyewe hawapendi wenzao wazijue. Mwandikaji anayetaja kosa la mfungwa katika barua anaweza kumtia mashakani bila kukusudia.

Habari nzito, kama vile kifo cha mzazi, haifai kufikishwa kwa karatasi ambayo mtu ataisoma peke yake katikati ya umati. Ikiwezekana, jamaa wamweleze ana kwa ana, au wamwombe kasisi, imamu au afisa wa ustawi wa gereza amwite kando na kumpasha.

Huko nje pia, barua ya mfungwa ni amana. Siku hizi ni rahisi mtu kuipiga picha kwa simu na kuisambaza katika kikundi cha WhatsApp cha ukoo au cha kanisa, kwa nia njema ya kuomba maombi. Lakini mfungwa hakuandikia kikundi. Aliandikia mtu mmoja. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka wa 2019 inazitaka taasisi zinazokusanya habari za watu kuzitumia kwa madhumuni yaliyokubaliwa tu. Shirika linaloratibu barua halina ruhusa ya kuchapisha hadithi ya mfungwa katika tovuti yake bila idhini yake.

NG'AMBO NI MAMBO MENGINE

Familia zenye jamaa waliofungwa Marekani hukumbana na mfumo ulio tofauti kabisa. Huko, majimbo mengi yameacha kumkabidhi mfungwa karatasi yenyewe. Jimbo la Pennsylvania lilianza utaratibu huo mwaka wa 2018: barua za kawaida hutumwa kwa kampuni iliyo Florida, ambayo huzifungua na kuzipiga skani, kisha nakala ndiyo inayopelekwa gerezani. Barua asilia huharibiwa. Sababu iliyotolewa ni kuzuia karatasi zilizolowekwa dawa za kulevya.

Kwa mama aliye Eldoret anayemwandikia mwanawe huko, hilo lina maana mbili. Kwanza, kadi yenye harufu ya nyumbani au mchoro wa mjukuu hautamfikia kama ulivyo. Pili, maneno yake hayapotei pamoja na karatasi. Huhifadhiwa katika tarakilishi za kampuni binafsi, pamoja na jina na anwani yake, ambapo yanaweza kutafutwa baadaye.

Hatari ya hifadhi za aina hiyo ilidhihirika Novemba 2015. Tovuti ya habari ya The Intercept ilifichua kwamba rekodi zaidi ya milioni 70 za simu zilizopigwa na wafungwa kupitia kampuni ya Securus zilikuwa zimevuja. Miongoni mwake yalikuwamo maelfu ya mazungumzo kati ya wafungwa na mawakili, ambayo hayakupaswa kurekodiwa.

Anayeandikia gereza la ng'ambo hana budi kusoma masharti ya gereza hilo kwanza: anwani ya kutumia, nambari ya mfungwa, idadi ya picha na aina ya karatasi. Ujumbe unaotumwa kwa njia ya mtandao hufika upesi, lakini husomwa na kuhifadhiwa vilevile, na mara nyingi hulipiwa.

KUJUA MIPAKA

Urafiki wa barua hujengwa polepole, na mara nyingine huvuka mpaka uliowekwa mwanzoni. Mfungwa mpweke anaweza kumwona kila amwandikiaye kuwa mchumba. Mwandikaji naye, kwa huruma, anaweza kuahidi asiloweza kulitimiza.

Njia ya heshima ni kutaja mipaka hiyo tangu barua ya kwanza: kwamba mwandikaji ataandika mara moja kwa mwezi, kwamba hataweza kutuma pesa, kwamba anaandika kama ndugu katika imani au kama rafiki tu. Ahadi ndogo inayotimizwa ni bora kuliko kubwa inayovunjwa. Kwa mtu aliye kifungoni, barua iliyoahidiwa isipofika huwa ni hukumu ya pili.

Dalili za hatari nazo zinajulikana. Mfungwa anayesisitiza kupewa nambari ya simu baada ya kuelezwa kwamba haiwezekani, anayeomba pesa zipitie kwa mtu wa tatu, anayetaka mwandikaji ampelekee mtu mwingine ujumbe au kifurushi, au anayetaja mambo ya nyumbani kwa mwandikaji ambayo hakuambiwa, amevuka mpaka. Hapo mwandikaji aiarifu taasisi iliyowakutanisha au ofisi ya gereza, na aziweke barua zote bila kuzichana.

Tarehe ya kuachiliwa pia inafaa kuzungumzwa mapema. Wapo ambao urafiki wao utaendelea nje, na wapo ambao ungefaa kukoma langoni. Jamaa wenyewe huhitaji kujiandaa. Msamaria mwema naye aamue mapema kama yuko tayari kukutana na aliyemwandikia, wapi, na mbele ya nani.

KINACHOBAKI

Msomaji anaweza kujiuliza: ikiwa jina, simu, picha, kesi na shida za nyumbani zimeondolewa, kumebaki nini cha kuandika?

Kumebaki mengi. Mvua imenyesha au imechelewa. Mahindi yamefika magotini. Gor Mahia na AFC Leopards wametoka sare, na mashabiki bado wanabishana. Nauli ya matatu imepanda tena. Kwaya imejifunza wimbo mpya, na sauti ya tatu ingali inapotea njia. Mambo haya hayamfichui mtu, wala hayamtii afisa wa gereza shaka, lakini humrudishia mfungwa kile alichonyang'anywa: mwendo wa kawaida wa siku za watu.

Mageuzi ya magereza yaliyoanza mwaka wa 2003, wakati Moody Awori akiwa waziri aliyesimamia idara hiyo, yalifungua milango iliyokuwa imefungwa kwa miaka mingi na kuwakumbusha Wakenya kwamba walio ndani ni binadamu. Wengi wao watarudi vijijini siku moja. Atakayerudi akijua kwamba kuna mtu aliyemkumbuka hatakuwa sawa na aliyesahauliwa.

Tahadhari, kwa hivyo, si ukuta wa pili wa kumzunguka mfungwa. Mwandikaji anayejua siri yake iko salama huandika bila hofu na huendelea kuandika kwa miaka, wakati aliyejianika mwanzoni huogopa na kunyamaza. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na rafiki wa kudumu ni yule aliyejua tangu mwanzo ni nini cha kutoa na ni nini cha kubaki nacho.